Nairobi hadi New York: saa saba kwenda, saa ishirini na mbili na nusu kurudi?

Mzigua wa Kihonda aliuliza:

Ndugu zangu, salaam. Mama yangu, mwenye umri wa miaka 71, anasafiri katikati ya Januari kwenda New York kwa dada yangu, ambaye amejifungua mtoto wake wa kwanza. Kutoka Dar es Salaam hadi Nairobi sina wasiwasi naye, kwa kuwa ni safari ya saa moja na dakika chache na ameshaifanya mara mbili. Kinachonisumbua ni kipande cha pili, kutoka Nairobi hadi New York, ambacho ndege haitui popote njiani.

Tiketi yake ya kwenda inaonyesha kwamba ndege inaondoka Nairobi 23:25 na kufika New York 06:25. Nikitoa namba moja kwa nyingine napata saa saba. Tiketi ya kurudi, ambayo ni ya katikati ya Februari, inaonyesha kuondoka New York 12:25 na kufika Nairobi 10:55 ya siku inayofuata, na hapo napata saa 22 na nusu. Ninaelewa kwamba majira ya nchi mbili hayafanani, lakini nimejaribu kuyapanga kwenye daftari na kila mara napata jibu jingine. Nilipotafuta umbali, nilikutana na namba tatu, yaani 11,840, 7,360 na 6,390, kila moja ikidai kuwa ndio umbali wa viwanja hivyo viwili.

Naomba kueleweshwa mambo haya. Umbali wa kweli ni upi? Mama atakaa ndani ya ndege kwa muda gani, kwenda na kurudi? Na kwa kuwa anameza dawa ya presha kila siku saa moja asubuhi, hiyo saa moja itamkuta wapi? Ameniomba nimwandikie yote kwenye karatasi, kwa sababu hapendi kupanda chombo asichojua kitamfikisha saa ngapi, nami sitaki kumwandikia kitu nisichokuwa na hakika nacho.

Mwalimu wa Tufe alijibu:

Ndugu, nianze na umbali, kwa sababu ndilo swali ambalo wanafunzi wangu wa jiografia huniuliza kila mwaka. Namba zako tatu zote ni sahihi na zote ni umbali uleule. 11,840 ni kilomita, 7,360 ni maili za nchi kavu kama wanavyozitumia Wamarekani, na 6,390 ni maili za baharini, ambazo ndizo marubani na manahodha huzitumia. Maili moja ya baharini ni kilomita 1.852, hivyo ukizidisha utaona mwenyewe kwamba zinakutana, isipokuwa tofauti ndogo za kukadiria.

Sasa, umbali huo unapimwaje? Darasani ninalo tufe la zamani lililochubuka, na huwa nampa mwanafunzi uzi, ashike ncha moja Nairobi na nyingine New York, kisha auvute mpaka ukaze. Uzi ukikaza juu ya tufe hujilaza kwenye njia fupi kuliko zote, ambayo huitwa duara kuu, kwa kuwa ukiiendeleza utaizunguka dunia na kuigawa nusu mbili zilizo sawa. Wengi hushangaa kuona unapopita. Hauelekei magharibi moja kwa moja kupitia Kongo na Atlantiki, bali unatoka Nairobi kuelekea kaskazini-magharibi, unapita juu ya Uganda, Sudan Kusini, Chad, kona ya Niger, katikati ya Algeria na kusini mwa Morocco, ndipo unaingia baharini. Huko Atlantiki unapita karibu kabisa na visiwa vya Azores, unapanda hadi kiasi cha latitudo 42 kaskazini, yaani kaskazini zaidi ya New York yenyewe, kisha unateremka kidogo kuufikia mji huo ambao uko kwenye latitudo ya 40 na nusu hivi.

Mtu akichukua ramani ya ukutani na rula, akachora mstari ulionyooka kati ya miji hiyo, mstari wake utaingia baharini kwenye pwani ya Mauritania, naye atadhani ndio mfupi. Si mfupi. Ndege ikifuata mstari huo kwa kushika upande mmoja wa dira safari nzima, itatembea kama kilomita 12,190, yaani kilomita 350 zaidi ya njia ya uzi. Kuchora ramani bapa ni kama kuitandaza ngozi ya chungwa juu ya meza, na ngozi hiyo haitandaziki bila kuvutwa mahali fulani.

Na kwa atakayetaka kukokotoa mwenyewe: pembe iliyopo kati ya viwanja hivi viwili, ukiipima kutoka katikati ya dunia, ni digrii 106 na nusu hivi. Kila digrii moja juu ya uso wa dunia ni karibu kilomita 111.2. Zidisha.

Kijana wa Ukonga alijibu:

Shukrani kwa mwalimu. Kuhusu muda, nadhani jibu ni rahisi. Dunia inazunguka kuelekea mashariki, kwa hiyo ndege inayokwenda Marekani inaifuata New York ambayo nayo inakuja kuilaki, ndiyo maana kwenda ni saa chache na kurudi ni saa nyingi. Mwandikie mama saa saba kwenda na saa 22 kurudi.

Mzee wa Embakasi alijibu:

Nimeomba kuingia hapa kabla karatasi ya mama haijaandikwa. Nilifanya kazi ya kupanga safari za ndege kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na hoja ya kijana wetu nimeisikia mara nyingi, hata kwa watu waliosoma. Haina ubaya kuiwaza, lakini si sahihi. Dunia inazunguka pamoja na hewa yake. Ndege iliyosimama uwanjani Nairobi tayari inakwenda mashariki pamoja na ardhi, na ikiruka inaendelea kubebwa na hewa ileile inayozunguka na ardhi. Kama hewa ingebaki nyuma, sisi tunaoishi karibu na ikweta tungepigwa na upepo wa kilomita zaidi ya 1,600 kwa saa mchana na usiku.

Kinachotofautisha kwenda na kurudi ni upepo wa juu. Katika kimo cha kilomita tisa hadi 12, huko ndege kubwa zinakoruka, kuna mikondo ya upepo wa kasi inayovuma kutoka magharibi kwenda mashariki, hasa juu ya Atlantiki ya Kaskazini na, wakati wa baridi, hata juu ya Sahara. Inazaliwa kwa sababu hewa ya kaskazini ni baridi na ya kwetu ni ya joto, na tofauti hiyo ikikua, kama inavyokua mwezi wa Desemba, Januari na Februari, mikondo nayo hukaza. Mahali pengine kasi yake huzidi kilomita 300 kwa saa. Ndege inayokwenda Marekani inapigwa na upepo huo usoni, na inayorudi inasukumwa mgongoni.

Tuchukue mfano wenye namba. Ndege za Boeing 787, ambazo Kenya Airways ilianza nazo safari hii tarehe 28 Oktoba 2018, hukata hewa kwa kasi ya karibu kilomita 900 kwa saa. Tuseme kwa wastani wa njia nzima upepo unapunguza kilomita 20 kwa kila saa. Nasema 20 tu kwa kuwa sehemu kubwa ya njia, kuanzia Nairobi hadi Chad, haina upepo wa kutisha, na wapangaji hukwepa kitovu cha mkondo wanapokwenda magharibi. Kilomita 11,840 ukizigawa kwa 880 unapata saa 13 na dakika 27. Wakati wa kurudi upepo unaongeza 20, ukigawa kwa 920 unapata saa 12 na dakika 52. Tofauti ni kama dakika 35.

Mtauliza mbona tiketi zina muda mrefu kuliko huo. Muda wa tiketi huhesabiwa tangu ndege inaposogea kutoka langoni hadi inaposimama kwenye lango jingine. Humo mna kutambaa kwenda kwenye njia ya kurukia, kupanda ambako ni kwa mwendo mdogo, kusubiri zamu ya kutua, na huko New York kutambaa tena, kwa kuwa kiwanja cha John F. Kennedy ni kikubwa na kina msongamano. Humo pia mna kuzunguka. Mstari wa uzi wa mwalimu unagusa ukingo wa Darfur, magharibi mwa Sudan, na anga la Sudan lilifungwa kwa ndege za abiria vita vilipozuka Aprili 2023. Agosti ya mwaka huohuo Niger nayo ilifunga anga lake baada ya mapinduzi, likabaki limefungwa hadi mwanzoni mwa Septemba, na kila ndege iliyozoea kukatiza Sahara ikalazimika kutafuta njia ya pembeni. Kilomita 400 za kuzunguka ni karibu nusu saa nzima. Kwa hiyo umbali wa viwanja viwili haubadiliki, lakini umbali unaosafirishwa hasa hubadilika kila siku, na aliyekuonyesha namba moja kama njia ya ndege amekuonyesha uzi tu.

Binti Likoni alijibu:

Shikamoo, mzee wangu. Kaka Mzigua, mimi nimelelewa Likoni na sasa naishi New Jersey, na safari hiyo nimeipanda mara nne, mara mbili nikiwa na mama yangu mzazi. Nikusaidie upande wa saa.

Kosa lako ni kutoa saa ya mji mmoja kwenye saa ya mji mwingine. Kila muda ulioandikwa kwenye tiketi ni wa mahali pale ndege ilipo wakati huo. 23:25 ni ya Nairobi, 06:25 ni ya New York. Kwanza zilete zote kwenye saa moja ya nyumbani, ndipo utoe. Nairobi na Dar ziko saa tatu mbele ya majira ya dunia. New York, wakati wa baridi, iko saa tano nyuma yake. Jumla ni saa nane. Basi 06:25 ya asubuhi New York, ukiongeza nane, ni 14:25 ya Nairobi, yaani saa nane na dakika 25 mchana. Mama ataondoka saa tano na dakika 25 usiku na kufika saa nane na dakika 25 mchana kwa saa ya mkononi mwake. Hizo ni saa 15 kamili.

Kurudi, 12:25 ya New York ni saa mbili na dakika 25 usiku nyumbani. Anafika saa tano kasoro dakika tano asubuhi. Hizo ni saa 14 na nusu. Umeona sasa kwamba nusu saa iliyopungua ndiyo ile ya upepo aliyoieleza mzee.

Naomba usimwandikie mama kwa namna ya tiketi. Mama yangu alisoma 06:25 akaitamka "saa sita na dakika ishirini na tano", akaelewa mchana, akamwambia ndugu yetu aje kumpokea mchana. Alikaa kwenye kiti cha uwanja karibu saa tano akiwa peke yake, bila simu inayofanya kazi, na mpaka leo nikikumbuka uso wake pale moyo wangu huuma. Mwandikie kwa Kiswahili chetu: saa kumi na mbili na dakika 25 alfajiri ya New York. Na dada yako aelezwe kwamba kutua si kutoka nje, kwani kuna foleni ya uhamiaji na kuna mizigo. Awe pale kuanzia saa moja asubuhi, asiondoke.

Jambo jingine la kumwandaa nalo ni giza. Ndege inaondoka usiku na kukimbilia magharibi, inaukimbia mchana nao unaifuata. Januari jua la New York huchomoza saa moja na dakika 20 asubuhi, karibu saa nzima baada ya mama kutua. Maana yake safari nzima ya saa 15 ataipita gizani. Kuanzia jua litakapozama Nairobi jioni hiyo hadi atakapoliona tena, zitakuwa zimepita karibu saa 21. Mama yangu mara ya kwanza alifungua pazia la dirisha mara nyingi akiulizia alfajiri, na hakuna aliyekuwa amemweleza. Ukishamweleza haogopi, analala.

Mzigua wa Kihonda alijibu:

Nashukuru sana, wote, na wewe dada Binti Likoni hasa kwa habari ya mama yako, pole kwake. Nimekokotoa upya na kwa mara ya kwanza nimepata jibu linalokubaliana na tiketi zote mbili.

Nimebaki na maswali mawili. La kwanza ni lile la dawa. La pili, mjomba wangu anasisitiza kwamba mzee hapaswi kukaa angani saa 15, na kwamba afadhali apitie Ulaya au Ghuba ili apumzike katikati. Je, umbali unaongezeka kwa kiasi gani akipita huko?

Mwalimu wa Tufe alijibu:

La umbali nimelipima. Kupitia Amsterdam ni kilomita 6,680 hivi kutoka Nairobi, na nyingine 5,850 hadi New York, jumla karibu 12,530. Ongezeko ni chini ya kilomita 700, kwa sababu Ulaya haiko mbali sana na njia ya uzi. Kupitia Doha, huko Ghuba, ni 3,350 na 10,770, jumla 14,120, yaani karibu kilomita 2,280 za ziada, kwa kuwa unaanza kwa kwenda kaskazini-mashariki wakati unakoelekea ni magharibi. Na kipande cha pili cha Doha peke yake kinakaribia urefu wa safari nzima ya Nairobi, kwa hiyo mjomba hatakuwa amempunguzia mama kukaa.

Mzee wa Embakasi alijibu:

Hesabu ya mwalimu ni njema. Mimi naongeza kwamba kinachorefusha safari za kuunganisha si kilomita bali kungoja. Ukipata muunganiko mzuri wa saa mbili au tatu, safari inakuwa ya saa 18 au 19, lakini ukikosa inakuwa ya siku nzima, na mzee mwenye miaka 71 anayetembea korido ndefu za uwanja mgeni akitafuta lango huchoka kuliko aliyekaa kitini. Kwa maoni yangu, mama apande hiyohiyo. Saa 15 si kikomo cha ndege za leo. Ipo safari ya Singapore hadi New York, yenye kilomita zaidi ya 15,300, ambayo huchukua zaidi ya saa 18.

Jambo ambalo watu hawalifikirii ni urefu wa Nairobi kutoka usawa wa bahari. Uwanja wa Jomo Kenyatta uko mita zaidi ya 1,600 juu. Hewa ya huko ni nyepesi, mabawa yanapata pa kushika padogo na injini zinavuta hewa kidogo, hivyo ndege iliyojaa mafuta ya saa 15 inahitaji njia ndefu ya kukimbilia na hewa iliyopoa. Kuondoka usiku, wakati joto limeshuka, kunasaidia sana, mbali na kwamba kunawafikisha abiria asubuhi. Wenzetu wa Addis Ababa wana shida kubwa zaidi, kwani uwanja wao uko mita zaidi ya 2,300. Kwa miaka mingi ndege yao ya kwenda Washington ilitua njiani kuongeza mafuta, na ya kurudi ikaja bila kutua, kwa kuwa inaondoka kutoka uwanja ulio karibu na usawa wa bahari na upepo unaisukuma. Njia ileile, umbali uleule, na bado kwenda si sawa na kurudi.

Binti Likoni alijibu:

Kuhusu dawa, saa moja asubuhi ya nyumbani itamkuta mama akiwa ameruka kwa muda wa saa saba na nusu hivi, pengine ndege ikiiacha pwani ya Morocco na kuingia Atlantiki. Nje kutakuwa giza, na New York itakuwa saa tano ya usiku wa jana yake. Ndiyo maana asiangalie dirisha wala saa iliyo kwenye kioo cha mbele ya kiti. Avae saa ya mkononi yenye majira ya nyumbani na asiirekebishe mpaka afike. Daktari wa mama yangu alimwambia aimeze kwa saa ya nyumbani siku ya safari, kisha akampangia namna ya kuihamisha taratibu akishafika, lakini kila dawa ina masharti yake, hivyo mpeleke mama kwa daktari wake na ratiba hii mkononi, ili amwandikie ya kwake. Dawa ziwe kwenye mkoba anaoingia nao ndani, katika pakiti zake zenye jina lake, wala zisiwekwe kwenye sanduku linalokwenda chini.

Mwombee kiti cha pembeni mwa njia, si cha dirishani, ili asione haya kuwaamsha watu. Ainuke kila baada ya muda atembee mpaka nyuma na kurudi, kwa kuwa kukaa saa nyingi bila kukunja miguu kunaweza kugandisha damu kwenye mishipa ya miguu, na wenye umri wake wako hatarini zaidi. Anywe maji hata kama hana kiu.

Na tarehe ya kurudi, je, mna hakika ni Februari? Nauliza kwa sababu bibi wakishamshika mjukuu huwa hawarudi kwa tarehe ya kwanza. Marekani husogeza saa mbele Jumapili ya pili ya Machi, na kuanzia hapo tofauti kati yetu na nyumbani huwa saa saba, si nane, mpaka Jumapili ya kwanza ya Novemba.

Mzigua wa Kihonda alijibu:

Dada, ni kama umetusikia tukizungumza. Jana usiku dada yangu amepiga simu akiomba mama akae hadi Aprili. Bado hatujabadilisha tiketi, lakini nimejaribu kukokotoa mwenyewe kabla ya kuuliza. Ikiwa ndege itaondoka New York 12:25 ileile mwezi wa Aprili, hapa nyumbani itakuwa saa moja na dakika 25 usiku. Nikiongeza saa 14 na nusu, ataingia Nairobi saa nne kasoro dakika tano asubuhi, saa nzima mapema kuliko tiketi ya sasa, hivyo itabidi nitazame upya na ndege ya kumleta Dar.

Karatasi ya kwenda nimeshaiandika kwa herufi kubwa: kuondoka Nairobi saa tano na dakika 25 usiku, safari saa 15, giza njia nzima, dawa saa moja asubuhi kwa saa ya mkononi, kufika saa kumi na mbili na dakika 25 alfajiri ya kule. Mama ameisoma mara mbili, akauliza Azores ni wapi. Nitamtafutia tufe.